Kazi ya wakala kituoni: kura ya gavana na mwakilishi wadi Mombasa

Kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013, wakazi wa Mombasa walichagua madiwani, nao madiwani ndio waliomchagua meya na naibu wake. Siku hizi gavana huchaguliwa na wananchi wenyewe, akiwa na mgombea mwenza ambaye huwa naibu wake bila kupigiwa kura ya peke yake, na mshindi ni aliyepata kura nyingi kuliko wenzake hata kama hazikufika nusu. Kwa kuwa hakuna duru ya pili, na kwa kuwa kiti cha wadi huweza kuamuliwa na kura chache mno, wakala makini, yaani mtu aliyeteuliwa na chama au mgombea kumlindia kura kituoni, ana thamani kubwa kwa mgombea kuliko msafara wa magari. Haya ndiyo ninayowafunza mawakala wanaojiandaa kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027.

Hatua ya kwanza ni stakabadhi. Hakikisha mapema kwamba una barua ya uteuzi, umekula kiapo cha kutunza siri na unacho kitambulisho chako. Kumbuka pia kwamba chama huruhusiwa wakala mmoja tu katika kila kituo kwa ajili ya wagombea wake wote, hivyo mtu huyo mmoja ndiye atakayelinda kura za nafasi sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi.

Hatua ya pili huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, vituo vinapofunguliwa. Tazama kila sanduku likionyeshwa kuwa ni tupu, kisha nakili nambari za lakiri (vifungo vya masanduku) zinapofungwa. Omba kuona karatasi za kura za nafasi zote, usome majina, picha, vyama na jina la wadi. Hapa Mombasa jambo hili halihitaji maelezo marefu: mwaka wa 2022 kura ya gavana haikupigwa tarehe 9 Agosti pamoja na nyingine kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa, ikasogezwa hadi tarehe 29.

Hatua ya tatu ni ya mchana, ambapo kazi ni nyepesi, ijapokuwa inachosha. Angalia jinsi wapiga kura wasiojua kusoma au wenye ulemavu wanavyosaidiwa, uandike saa na maelezo ya kila tukio lisilo la kawaida, na usitoke kituoni kwa ajili ya chakula pasipo kujua ni nani anayeshika nafasi yako.

Hatua ya nne, kuhesabu, ndiyo inayohitaji nguvu ulizozihifadhi. Simama mahali unapoiona alama iliyo kwenye karatasi yenyewe, badala ya kutegemea sauti ya anayesoma. Kura iliyowekewa alama kwa wagombea wawili, isiyo na alama yoyote, au iliyoandikwa kitu kinachomtambulisha mpiga kura hukataliwa. Iwapo hukubaliani na uamuzi wa afisa msimamizi, toa pingamizi papo hapo ili liandikwe. Wakala anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, ingawa si zaidi ya mara mbili, kwa hiyo haki hiyo isitumiwe kwa hasira. Mawakala wengi, kwa maoni yangu, hukesha na kura ya rais halafu husinzia zinapohesabiwa za wadi, ambako kosa dogo ndilo lenye madhara makubwa zaidi.

Hatua ya tano ni fomu za matokeo ya kituo: 37A kwa gavana na 36A kwa mwakilishi wadi. Usitie saini kabla ya kujumlisha mwenyewe. Tuseme mgombea wako amepata kura 178, na karani aliyechoka akaandika 187. Ukijumlisha kura za wagombea wote, jumla itazidi kura halali kwa tisa, na hapo ndipo utakapojua kuna tarakimu zilizobadilishana nafasi. Linganisha vilevile tarakimu na maneno, kisha hakikisha kwamba jumla haizidi idadi ya waliosajiliwa, ambao kwa sheria hawapaswi kupita 700 katika kituo kimoja. Kukataa kutia saini hakubatilishi matokeo, kwa hiyo ukikataa, andika sababu. Dai nakala yako, uipige picha ikiwa imenyooshwa penye mwanga, na upige picha nyingine ya fomu iliyobandikwa mlangoni.

Kutoka hapo, matokeo ya gavana hujumlishwa katika fomu 37B kwenye kila moja ya maeneo bunge sita, yaani Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, kisha katika 37C ya kaunti. Mpelekee wakala mkuu picha zako usiku huohuo ili alinganishe takwimu kituo kwa kituo kabla mshindi hajatangazwa. Nakala asilia ihifadhiwe penye ukavu pamoja na daftari lako, kwani kesi ya kupinga matokeo huwasilishwa ndani ya siku 28 baada ya kutangazwa, ya gavana katika Mahakama Kuu na ya mwakilishi wadi katika mahakama ya hakimu, na wakili atakachokuomba kwanza ni fomu hiyo.