Namna ya kumtambua chozi kidari-chekundu

Wengi humkosea chozi, ndege mdogo anayekunywa utamu wa maua, kwa sababu wanakimbilia rangi. Mng'ao wa kijani na zambarau hutokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Jua likiwa nyuma ya ndege, rangi zote huonekana nyeusi.

1. Chagua ua, usimfukuze ndege. Mwamba-ngoma, mshubiri au mgomba uliochanua unafaa. Simama asubuhi, jua mgongoni, mita kama 8 hivi. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha. Ya 10x huonyesha eneo dogo, na chozi hatulii. Ilenge kwenye ua, usubiri.

2. Pima ukubwa. Huyu ana sentimita 13 hadi 15, mkubwa kwa chozi, na mdomo mrefu uliopinda. Kadogo ka tumbo la njano ni aina nyingine.

3. Dume: tazama koo. Mwili ni mweusi wa kahawia, kidari chekundu chenye vistari vya buluu (huonekana kwa karibu tu), utosi na koo kijani kinachometa. Koo likiwa jeusi na kiuno zambarau, huyo ni chozi wa Hunter, wa nyika kavu za Somalia, Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kidari-chekundu hupenda miti iliyotawanyika, mashamba na bustani, kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kusini hadi Afrika Kusini. Msitu mnene huukwepa.

4. Jike: tazama nyusi. Hapa ndipo penye kazi. Juu ni kahawia, chini njano hafifu yenye mabaka mazito, na hana nyusi. Jike wa chozi amethisti, anayefanana naye sana, ana mstari mweupe juu ya jicho. Dume mchanga ni kama jike aliyeanza kupata wekundu kidarini. Usimwandike kuwa aina mpya.

5. Tabia. Dume huimba kileleni au kwenye waya, sauti kali inayorudiwarudiwa, na hufukuza wenzake mauani. Hunywa mbochi (maji matamu ya maua), lakini hula pia wadudu na buibui.

Kiota ni kifuko kinachoning'inia, cha nyasi na majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni na kibaraza juu yake. Jike hujenga peke yake, mara nyingi karibu na nyigu, kwa hiyo angalia tawi kabla ya kusogea. Ukimwona analisha kinda linalomzidi ukubwa, andika kuwa kinda hilo ni kekeo, ndege anayeachia wengine kulea makinda yake: hutaga katika viota vya chozi.