Vijana wa kijiweni na mkopo wa asilimia 10

Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda Temeke. Dogo akitoka jela au akiachana na panya road (magenge ya vijana waporaji), mama yake huja kwangu kabla ya kwenda kwa mjumbe. Nami humwambia aanze hivi.

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Kati ya hizo 10, vijana fungu lao ni 4. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Hukopeshwa kikundi, kwa hiyo tafuta watu kwanza. Kazi ipo hapa! Mwenye historia ya wizi msimpe uweka hazina mwezi wa kwanza, lakini msimfiche pembeni pia. Mpeni zamu ya kufungua banda au kuosha pikipiki, muone kama anafika. Anayekuja na panga kiunoni arudi nyumbani aliweke, kikao baadaye. Na wazazi wa pande zote waitwe. Ugomvi wa mtaa mmoja ukiingia kikundini, hela itakuwa sababu nyingine ya kuchomana visu.

Makaratasi ni mepesi: katiba, muhtasari wenye sahihi, akaunti ya benki, andiko la mradi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anasajili na kuwaelekeza kwenye mfumo wa kuombea mkopo mtandaoni. Andikeni biashara mnayoijua. "Mradi wa kuku" ulionakiliwa steshenari anautambua mstari wa kwanza.

Anayetaka "ya soda" ili jina lipite, mkataeni, muende kwa mtendaji mkiwa wote.