Timu ina watu wa nchi nne na kwenye mitingi wote kimya? Fanya hivi

Kama unaongoza timu ambayo wawili wako Dar, mmoja Nairobi, mwingine Berlin na mwingine Bangalore, hii hali unaijua. Unamaliza kueleza mpango, unauliza "kuna swali?", kimyaaa, mmoja anaandika "sawa" kwenye chati, mnaagana. Baadae mambo yanaharibika ndo unasikia kumbe watu watatu walijua toka mwanzo na walikuwa wanaongea WhatsApp pembeni. Sio kwamba hawajali, wamepiga hesabu wakaona kusema kunawagharimu kuliko kunyamaza. Kazi yako ni kuibadilisha hiyo hesabu, na ile hotuba ya "jisikieni huru jamani" haibadilishi kitu.

Alafu usikimbilie kusema ni sisi Waafrika tunaogopa wakubwa. Kuna ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana uwanjani kwenye ukungu wakafa watu 583. Ndani ya ile ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, injinia wa ndege alisikia mawasiliano ya Pan Am, ile ndege ya pili, kwenye redio, akauliza, huyu mwenzetu hajatoka bado kwenye njia ya kurukia? Kapteni, ambaye alikuwa mkufunzi mkubwa wa marubani pale kampuni, akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ametoka, na injinia hakukazania tena. Sababu za ajali zilikuwa nyingi ila hiyo nayo ilikuwemo. Na hao wote watatu mle ndani ni Waholanzi, watu wanaosifika kwa kusema waziwazi, lugha moja, chumba kimoja. Wewe una lugha nne na intaneti inakatakata.

Kwahiyo anza na maswali yenyewe. "Kuna swali?" lifute kabisa, maana anayejibu hapo anaonekana hajaelewa. Uliza kitu ambacho kukaa kimya ndo kunaonekana ajabu, mfano "tuchukulie imefika Desemba na hii projekti imekufa, imeuliwa na nini?" Hapo mtu hapingi mpango wa bosi, anajibu swali la bosi, na kwa mtu aliyelelewa kutombishia mkubwa hiyo tofauti ni kubwa sana. Wape dakika tano kila mtu aandike zake kwanza ndo mzisome, na wewe mkubwa uwe wa mwisho kuongea, ukianza wewe basi umeshafunga mjadala.

Kingine watu wote wafungue mdomo mapema. Hii imetoka kwenye vyumba vya upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya upasuaji mwaka 2008, na mojawapo ya miji minane ilipojaribiwa ni Ifakara, ndio Ifakara yetu ya Morogoro, pamoja na London, Toronto, Manila na wengine. Kabla ya kisu kugusa ngozi kila mtu chumbani anataja jina na kazi yake, alafu daktari mpasuaji, wa usingizi na nesi wanasema nini kinawapa wasiwasi kwa mgonjwa huyu. Matokeo yalitoka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Sio kutaja jina peke yake kulikofanya hivyo, orodha ina vipengele 19, ila wazo lichukue: anayeanza kazi kwa kusema kitu, hata kidogo, dakika ya arobaini inakuwa rahisi kusema tena.

Lugha. Mtu anajua kazi vizuri tu ila Kiingereza chake akikisikia mwenyewe kwenye spika anaona aibu, hasa kukiwa na wale waliozaliwa nacho wanaongea kama wanakimbizwa. Tuma maswali ya mitingi siku moja kabla, ruhusu kujibu kwa kuandika, na komenti ya chati isomwe kwa sauti kwa heshima ileile. Mtu asichekewe lafudhi, hata kwa utani. Na saa zizungushwe, sio kila siku wa Bangalore ndo akeshe.

Sasa hapa ndo penyewe: siku mtu wa kwanza analeta habari mbaya. Timu nzima inakuangalia wewe, sio yeye, na wanachokiona hapo wanakikumbuka kuliko sera yoyote uliyoandika. Ukiuliza "nani kafanya hivi?" umemaliza, hutoletewa tena. Sema kwanza asante umeniambia mapema, alafu "imetokeaje, na tunahitaji nini sasa hivi?" Kama una hasira zima kamera, sema nipe dakika kumi, rudi. Tena ufuatilie mpaka mwisho, mtu akisema na kitu hakibadiliki anaona alijisumbua bure, hiyo nayo ni adhabu.

Kusahihishana mkubaliane mapema. Kuna anayekuambia mbele ya watu "hii haifanyi kazi" na kwake ni kawaida kabisa, wa Dar akaona ametukanwa. Mnaamua tu: kazi tunaikosoa kwenye faili, mtu tunaongea naye pembeni.

Na hii sio kulea uzembe, dedilaini ziko palepale. Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard Marekani, alipochunguza timu za hospitali alishangaa zile nzuri zilikuwa na makosa mengi ya dawa kwenye rekodi, akaja kuona walikuwa wanayaripoti badala ya kuyaficha. Kwahiyo ripoti za makosa zikiongezeka miezi ya mwanzo usipaniki.

Kupima kama watu wanaona ni salama kusema, Edmondson ana dodoso la sentensi saba, mojawapo inauliza kama ukikosea kwenye timu hii mara nyingi kosa unashikiliwa nalo. Nyinyi chukueni mbili tatu, mtu ajaze namba 1 mpaka 7 bila jina, mrudie kila baada ya miezi michache. Ila usiweke sehemu ya maoni ya kuandika. Timu ya watu watano, wa Nairobi yuko mmoja, sentensi ya kwanza tu mmeshamjua.