Mambo ya kuzingatia kabla ya kubadilisha mfumo, ili logi za nakala rudufu zisomeke baadaye

Anayejiandaa kubadilisha mfumo endeshi wa kompyuta yake ya mezani hukumbuka kunakili picha na hati zake, lakini mara nyingi husahau logi za nakala rudufu, yaani rekodi zinazoeleza kila nakala ilichukuliwa lini na ni faili zipi zilizorukwa. Rekodi hizo hukaa ndani ya mfumo uleule unaobadilishwa, hivyo maandalizi ya kuzisoma ni ya kabla, si ya baada.

Kwanza jua zilipo. Windows huandika matukio yake katika folda ya C:\Windows\System32\winevt\Logs, na logi zake kuu huwa na ukomo wa megabaiti 20 hivi, ambao ukifikiwa matukio ya zamani hufutwa kupisha mapya. Unapopandisha toleo, mfumo wa awali huhamishiwa kwenye Windows.old, folda ambayo kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10.

Kwenye Linux ndiko wengi hushtuka bila sababu. Logi za systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, huhifadhiwa chini ya /var/log/journal, ndani ya folda yenye jina la kitambulisho cha mashine. Ukisakinisha mfumo upya kitambulisho hubadilika, na journalctl, amri ya kusoma logi hizo, huonyesha rekodi mpya pekee, hata kama diski ya zamani haikufomatiwa na faili zote zipo. Ielekeze kwenye folda ya zamani kwa chaguo la -D, nazo zitaonekana. Ila kama /var/log/journal haikuwahi kuwepo, kwa mpangilio wa kawaida logi zilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu, na hupotea kompyuta inapozimwa.

Hamishia logi kwenye diski ya nje, ukiweka na nakala ya maandishi matupu, maana programu ya nakala rudufu ikibadilika huenda isizisome tena zile za awali. Andika pia majira ya saa yaliyokuwa yamewekwa: nakala ya saa nane usiku inaweza kuonekana ni ya saa tano, ukadhani ni nyingine. Hakikisha una nenosiri la msimamizi.

Mwisho, fungua logi moja kwenye kompyuta nyingine na uisome hadi chini, kwa sababu neno “imekamilika” huweza kufuatwa na mstari unaosema faili tatu zimerukwa, na hizo ndizo za kunakili kwa mkono kabla hujagusa mfumo.