Kabla hujaamini jina lililoandikwa kwenye kichupa

Miezi saba nilijaribia dawa kwenye seli nilizodhani ni za saratani ya matiti. Kichupa kilikuwa na maandishi ya wino wa bluu, nusu yamefutwa na barafu, nami nikayaamini. Tulipopima vinasaba, kumbe ni HeLa: seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizotoka kwa mgonjwa Henrietta Lacks, Baltimore, mwaka 1951. Niliumia sana.

Kwa hiyo ukipewa seli, hata na rafiki wa maabara ya jirani, kwanza tazama orodha ya ICLAC (kamati ya kimataifa ya kuthibitisha utambulisho wa seli) ya seli zenye majina yasiyo yake. MDA-MB-435 ilitumika miaka mingi kama saratani ya matiti, kumbe vinasaba vyake ni vya M14, saratani ya ngozi. Kisha peleka sampuli ipimwe STR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ambavyo hutambulisha seli ni za nani. Ikilingana na rekodi chini ya asilimia 80, simama hapo hapo.

Maikoplazima, bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara, ipime kwa PCR (kipimo kinachonakili DNA ili ionekane) kila mwezi. Usingoje kuona dalili: kimiminika cha kukuzia seli hakitibuki, na penisilini haiiwezi kwa kuwa maikoplazima haina ukuta wa seli, ambao dawa hiyo hushambulia.

Gandisha vichupa vya seli vya kutosha mapema.

Na andika kila kitu. Mradi mkubwa wa kurudia majaribio ya saratani, uliomalizika 2021, ulikusudia majaribio 193 ukafanikisha 50. Hakuna hata moja ambalo makala yake ilijitosheleza bila kuwauliza waandishi. Basi taja namba ya bechi ya kingamwili, seli zimehamishiwa chombo kipya mara ngapi, na kipimo cha dawa.