Kukarabati dashibodi ya Jeep ya vita vya pili: geji zenye radiamu uzishike vipi

Kama umepata Willys MB au Ford GPW, zile Jeep za Marekani za 1941 mpaka 1945, basi kuna sehemu moja ya kwenda nayo taratibu kuliko zote nayo ni dashibodi. Bodi utachomelea, injini spea zake zipo, ila ile sahani ya geji tano ndo uso wa gari, spidomita katikati na nne ndogo kuizunguka, ya mafuta, ya presha ya oili, ya joto la maji na amita inayoonyesha chaji ya betri. Geji nyingi za kijeshi za miaka ile zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, ili dereva asome bila kuwasha taa adui akamwona. Sio kila geji inayo, ila mpaka upime we chukulia kwamba inayo.

Watu wengi wanazima taa, wanaona geji haing'ai, wanasema hii ishakufa. Sio hivyo kabisa. Kwenye ile rangi radiamu ilichanganywa na zinki salfaidi, mionzi ya radiamu inaipiga zinki salfaidi nayo ndo inatoa mwanga, sasa baada ya miaka kadhaa zinki salfaidi inachoka na mwanga unaisha lakini radiamu-226, ndo aina iliyotumika, inahitaji miaka 1,600 kupungua nusu tu. Geji ya 1943 bado ina zaidi ya asilimia 95 ya radiamu iliyowekwa kiwandani. Dalili za macho ni maandishi na mshale wenye rangi nene ya krimu iliyogeuka njano au kahawia, wakati mwingine imepasuka vipande vidogo au imeunguza sehemu ya uso wa geji palipokuwa panaangaliana na mshale.

Na madini yenyewe yana historia na watu wanaoongea Kiswahili, maana miaka ya 1920 radiamu nyingi sana ya dunia ilitoka Shinkolobwe kule Katanga, Kongo, kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière wanachimba, alafu inaenda kusafishwa Olen, Ubelgiji, mpaka pale Kanada nao walipokuja na mgodi wao wa Great Bear Lake miaka ya 1930.

Sasa hatari iko wapi. Mionzi mingi ya radiamu ni ya alfa, hiyo hata kioo cha geji kinaizuia. Beta na gama kidogo zinapita, ila ukikaa mbali kidogo zinapungua haraka, umbali ukizidisha mara mbili unachopata kinashuka mpaka robo. Kwa hiyo geji nzima, kioo kizima, imetulia kwenye dashibodi, sio kitu cha kukukosesha usingizi. Balaa ni vumbi. Ukifungua geji, ile rangi imeshakuwa kavu kama chokaa ya ukuta wa zamani, ukiigusa inamwagika, unaivuta puani au inaingia mdomoni kwa vidole, na mwili unaichukulia kama kalsiamu unaipeleka kwenye mifupa, inakaa humo. Wasichana waliokuwa wanapaka saa rangi hii New Jersey walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo, wengi wakaoza taya na kupata kansa ya mifupa, watano wakaishitaki kampuni 1927 na kesi ikaisha kwa makubaliano 1928. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaki kuilegeza: geji yenye radiamu haifunguliwi nyumbani. Usiikwangue, usiipige msasa, usiitoboe, usiipulize na kompresa, na usipake rangi mpya juu ya ile ya zamani. Hata sheria inasema hivyo, Marekani kanuni za serikali kuu zinakuruhusu kumiliki geji za gari zenye radiamu ila kuzifungua au kuzitengeneza bila leseni maalum hapana, saa tu ndo zimeachiwa.

Nunua kipima mionzi, aina ya Geiger yenye kichwa bapa cha mviringo, ndo kizuri kwa kazi hii kwa sababu kinakamata alfa, beta na gama. Kwanza pima hewa ya kawaida mbali na gari, kichwa cha aina hiyo mara nyingi kinasoma milio kati ya 30 na 60 kwa dakika, alafu kisogeze polepole kwenye kila geji bila kuigusa. Yenye radiamu utaisikia, inapiga maelfu. Pima na swichi, dira kama ipo, na paneli ya redio. Ila jua kwamba kipima hiki hakioni tritiamu, haidrojeni yenye mionzi iliyokuja baadaye kuchukua nafasi ya radiamu kwenye vifaa vingi, hiyo mara nyingi imeandikwa H-3, usiipasue tu. Baada ya hapo pima sakafu chini ya dashibodi na nyuma ya sahani, manake kama kuna kioo kilishapasuka miaka ya nyuma vumbi limeshashuka huko, na ukikuta sakafu inapiga simama hapohapo, usifagie, ita wataalamu wa mionzi.

Kama ni safi endelea. Mlango wazi, glavu za naitrili, koti la kazi linalobaki gereji, na hapo usile, usinywe, usivute sigara. Chomoa betri. Piga picha nyuma ya dashibodi nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, funga kikaratasi kwenye kila waya, zile waya za kufunikwa uzi rangi zimefifia zote zinafanana. Legeza nati za vishikizo vya nyuma, geji inatoka kwa mbele. Ya joto la maji ina kabomba kembamba ka shaba kanakoenda mpaka kwenye injini na ndani kuna gesi au kimiminika, ukikakata au ukikakunja sana geji imekufa, kwa hiyo toa kwanza kale kadude ka mwisho kwenye injini alafu vuta yote pamoja. Ya oili nayo ina bomba, weka kitambaa chini.

Kila geji iliyopiga futa kwa nje na tishu yenye maji na sabuni kidogo, sio kavu, tishu iingie kwenye mfuko wa zipu, geji kwenye mfuko wake, mfuko ndani ya mfuko, andika kwa maka RADIAMU na tarehe. Usizirundike chumbani unakolala wala kwenye kabati lisilo na hewa, radiamu inazaa gesi ya radoni, nayo ina mionzi, weka stoo ya nje inayopitisha hewa na watoto wasifike. Alafu nawa mikono.

Ukizichoka usitupe jalalani, usiuze chuma chakavu na usichome moto. Dalgety Bay kule Uskochi walichoma mabaki ya ndege za vita, majivu yenye radiamu yakamwagwa ufukweni, yakagundulika 1990 na usafi umekamilika 2023. Piga simu mamlaka ya mionzi ya nchi uliyopo, Marekani ni ofisi za jimbo, Tanzania ni TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki), Kenya ni KNRA (mamlaka ya nyuklia), na uliza kabla hujaituma kwa posta au kuivusha mpaka.

Sahani yenyewe ikishabaki tupu na kipima kiko kimya hapo sasa ndo raha. Toa rangi ya zamani na dawa ya kulainishia rangi, sio msasa mkavu, maana hata ile ya kijani inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu. Nyoosha, paka praima, alafu kijani ya jeshi isiyong'aa, koti nyembamba mbili zinashinda moja nene. Geji weka za kopi zenye uso wa zamani, zipo nyingi na hazina radiamu, ukitaka zing'ae tafuta zenye strontiamu aluminati, rangi ya kung'aa isiyo na mionzi. Mtu atasema sio orijino, mi nasema orijino ikae kwenye mfuko na historia yake. Ukiwa na geji orijino nzima isiyopasuka na unaitaka ibaki garini, sawa, iache kama ilivyo, weka kibandiko nyuma ili mmiliki wa baadae ajue.

Wakati wa kufunga kwangua rangi kidogo panapokaa vishikizo, geji ya mafuta bila ethi nzuri inasoma uongo, na hakikisha umenunua za volti 6, ethi ya hasi, za volti 24 ni za Jeep zilizokuja baada ya vita. Geji mpya ya joto ijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto kabla hujaifunga. Kebo ya spidomita pake grisi kidogo tu, ikizidi inapanda mpaka ndani ya kichwa. Mwisho pitisha kipima kwenye benchi, vifaa, viatu na mikono, kikiwa kimya rudisha betri uwashe.