Somo: Kununua demo la gari la spoti Uingereza, kabla hujatoa hata pauni moja

Wakuu, kila ikikaribia Machi na Septemba maswali ya kununua demo hurudi. Ndiyo miezi ambayo namba za usajili hubadilika Uingereza, tarehe 1, na madila, yaani wauzaji wa magari, huanza kuyatoa mademo, magari yao ya kujaribiwa na wateja, kwa bei za kushawishi. Somo hili ni la anayetaka gari la spoti: Mazda MX-5, BMW M2, Porsche 911 na jamii hiyo. Kwa Corolla ya kupeleka watoto shule, mengi ya haya hayana uzito. La spoti ni shauri lingine, maana aliyekuja kulijaribu alikuja hasa kulikanyaga.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini

Demo limeshasajiliwa DVLA, idara ya usajili wa magari ya Uingereza, kwa jina la dila. Kwenye kadi ya gari, yaani V5C, wewe utahesabika msajiliwa wa pili, hata kama lina maili 900 na bado linanuka upya. Usilichanganye na gari lililosajiliwa mapema ili dila atimize lengo lake la mauzo, ambalo huenda halijatoka uani. Wala na gari la kuazimwa wateja ambao yao yako gereji. Hilo, likiwa la spoti, mimi siligusi. Uliza ni lipi kati ya hayo matatu, na jibu lije kwa barua pepe. Maneno ya mdomo ya muuzaji huwa matamu hadi siku ya kusaini.

Hatua ya 2: Lipasue punguzo

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa, na wanapigwa kwa hesabu za kweli.

Kwa viwango vya Aprili 2025, gari jipya la petroli linalotoa zaidi ya gramu 255 za kaboni kwa kilomita hulipiwa kodi ya barabara ya pauni 5,490 kwa mwaka wa kwanza. La gramu 226 hadi 255 ni pauni 4,680. Kodi hiyo hulipwa mara moja tu, gari linaposajiliwa, na huwa ndani ya bei kamili ya gari jipya. Kwa hiyo dila akikuambia "nimekutolea pauni 9,000" kwenye gari la kundi la juu kabisa, ondoa kwanza 5,490. Hizo ni kodi ambayo gari limeshaipoteza. Hata jirani yako angelisajili jana lingezipoteza. Gari lenyewe limepunguzwa pauni 3,510 tu.

Halafu kodi haihami na gari. Unalipa yako siku unayolichukua: kwa viwango vya Aprili 2025, pauni 195, na kama bei ya orodha ilizidi pauni 40,000, unaongeza 425 kila mwaka kwa miaka mitano. Sikiliza vizuri: inayoangaliwa ni bei ya orodha, pamoja na vikorombwezo vya kiwandani. Ukilipata la 43,000 kwa 38,000, bado umo. Na madila hupenda kuyajaza mademo vikorombwezo ili yang'ae.

Mwisho wa hesabu, usilinganishe na bei ya orodha. Tafuta gari jipya kabisa kama hilo kwa madila wengine watatu, uone wanalitoa kwa ngapi. Tofauti ikiwa ndogo, chukua jipya.

Hatua ya 3: Maili za mwanzo zilipitaje?

Injini, difu (gia zinazogawia magurudumu nguvu) na breki za gari jipya zinahitaji kuzoezwa. Porsche wanataka uende nalo taratibu kilomita 3,000 za mwanzo. Magari ya BMW M yana sevisi ya lazima kwenye maili 1,200 hivi, ambapo oili ya injini na ya difu humwagwa. Sasa fikiria: maili hizo, ndizo wageni walizoendesha. Wengi wao waliwasha gari baridi, wakatoka getini, wakaingia barabara kuu, mguu chini.

Kwa M, omba ushahidi kwamba sevisi ile ilifanyika na kwa maili ngapi. Kwa Porsche, kompyuta ya injini hutunza kumbukumbu ya mara injini ilizozungushwa kupita kiasi, kwa ngazi 1 hadi 6. Ngazi za juu zikiwa na kitu, hasa kwenye gari la gia za mkono, mtu aliingiza gia ya pili akitafuta ya nne. Dila wa Porsche anaweza kuichapisha. Akikataa, nawe kataa.

Hatua ya 4: Kagua mwenyewe

Nenda asubuhi, na mwambie asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Sikiliza injini inavyoamka, na angalia moshi.

Tairi jipya huwa na kina cha milimita 7 au 8. Ukikuta za nyuma zimebaki 4 kwa maili 1,500, huhitaji maelezo zaidi. Pitisha kidole ukingoni mwa diski za breki kama kuna tuta. Angalia rimu zilizoparuzwa na vitobo vya mawe kwenye bampa ya mbele. Rangi nyeusi itazame juani: demo huoshwa mara nyingi, nayo mikwaruzo ya mviringo huonekana hapo.

Hatua ya 5: Mkataba

Andika idadi ya juu ya maili siku ya kukabidhiwa. Bila hivyo, umelipa kianzio na wao wanaendelea kuwapakia wateja. Waranti nayo ilianza siku gari liliposajiliwa, si siku yako; likikaa nao miezi sita, umebaki na pungufu. Hiyo ni hoja ya kushusha bei. Mwisho ulizia mkopo: riba ya demo huenda ikawa ile ya magari yaliyotumika, nayo inaweza kula punguzo lote.

MASWALI YA WANACHAMA (kwa mji wa muulizaji)

Leicester: Mkuu, nimeona moja lina maili 4,200 kwa miezi mitano. Ni nyingi?

*Jibu:* Kwa demo la spoti, ndiyo, ila uliza nani aliziendesha. Kama meneja alikuwa analala nalo nyumbani, hizo ni maili za barabara kuu, injini imeshapata moto. Afadhali hizo kuliko 1,200 za vipande vya maili tano tano.

Reading: Shikamoo mwalimu. Nikilichukua likaanza kulia kwenye gia baada ya wiki mbili?

*Jibu:* Marahaba dada. Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro na kudai pesa zako. Siku zikipita, hadi miezi 6 kasoro huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, dila ndiye athibitishe vinginevyo, ila atapewa nafasi moja ya kutengeneza kwanza. Na ukinunua bila kuonana naye, kwa simu au mtandaoni, una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu.

Milton Keynes: Bima itanipa jipya likigongwa mwaka wa kwanza?

*Jibu:* Soma kifungu chako. Kampuni nyingi hutaka uwe wa kwanza kwenye usajili; chache hukubali demo lenye maili kidogo. Wapigie kabla ya kusaini, uwape namba ya gari.

Slough: Kaka, nataka kulipeleka Mombasa. Usukani uko kulia, miaka haijafika minane. Punguzo langu litasaidia kwenye ushuru?

*Jibu:* Halitasaidia. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huanzia bei yao wenyewe ya orodha, kisha hupunguza uchakavu kulingana na umri. Risiti yako ya Slough haibadilishi hesabu. Kama unarudi kuishi moja kwa moja na unataka msamaha wa anayerejea nyumbani, lazima uwe umelimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12 kabla. Kwa hiyo lisajili kwa jina lako, si la shemeji, na tunza karatasi za bima na sevisi za mwaka mzima.